Mlezi wa sauti za gemu hatakutafuta Silibwet, lakini unaweza kumfikia ukiwa hapo hapo

Bonasi ya majani chai ikishaingia, nyumba nyingi za Bomet hukaa chini kupiga hesabu. Kuna karo, kuna deni la mbolea, kuna yule shangazi aliyewakopesha pesa za hospitali. Na bonasi yenyewe, kama wakulima wa upande huu wa Bonde la Ufa wanavyolalamika mwaka nenda mwaka rudi, ni ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya. Katikati ya hesabu hiyo kijana anakohoa kidogo, anasema ameona mtu mtandaoni anayejiita menta wa muziki wa gemu. Ukimlipa elfu kadhaa, atakufundisha kwa wiki sita kisha akuunganishe na kampuni za ng'ambo. Mama anauliza gemu ni nini hasa, zaidi ya kile kitu kinachomaliza chaji ya simu yake.

Sikia, rafiki yangu. Kama kijana huyo ni wewe, ngoja kwanza. Hiyo pesa usiitoe.

Sisemi ndoto yako ni ya kijinga. Kutengeneza sauti za gemu ni kazi kamili, ina mafundi wake na mishahara yake, na mtu hawezi kuijua vizuri akiwa peke yake chumbani. Unahitaji mlezi wa kazi. Ninachobisha ni jinsi tunavyomtafuta. Tumezoea kudhani menta ni mtu mkubwa anayekuja kukushika mkono na kukuvusha ng'ambo. Kwa hiyo tunamwandikia kama tunavyomwandikia mheshimiwa kuomba basari, na asipojibu tunaangukia kwa tapeli ambaye, bila shaka, hujibu haraka sana.

Hebu tuangalie kazi yenyewe kidogo, ndipo utaona kwa nini mlezi anahitajika. Tuseme kwenye gemu kuna msichana anayetembea barabara ya vumbi kutoka shambani. Ukirekodi mlio wa hatua moja na kuurudia kila anapokanyaga, baada ya dakika mbili mchezaji atachoka na hata hatajua kilichomchosha. Fundi hurekodi hatua nyingi, nane au kumi, kisha anaiambia programu ichague yoyote kwa bahati nasibu na kuipandisha au kuishusha toni kidogo kila mara. Akiingia kwenye nyasi milio inabadilika. Akiingia kwenye matope, vivyo hivyo. Muziki nao lazima ujue adui amekaribia, kwa hiyo hutungwa kwa tabaka: nyuzi peke yake wakati wa utulivu, halafu besi inaongezwa, halafu midundo. Produsa wa nyimbo hukabidhi wimbo wenye mwanzo na mwisho. Wewe hujui mchezaji atasimama kando ya mto kwa sekunde tano au kwa nusu saa akitafuna chapati, na sauti zako lazima zivumilie yote mawili.

Kazi hiyo ya kupachika sauti ndani ya gemu hufanywa kwa programu kama Wwise na FMOD, ambazo hukaa katikati ya rekodi zako na injini ya gemu, kwa mfano Unity au Godot. Kozi ya mwanzo ya Wwise inasomwa bure mtandaoni. Yaani lile somo ambalo menta wa elfu kadhaa anataka kukuuzia, wenye programu wenyewe wameliweka wazi. Kitu ambacho hakiko wazi ni sikio la mtu mwingine, la kukuambia kwamba mlio wako wa upanga ni mzuri ila unafunika maneno ya mhusika, au kwamba umejaza besi kwa sababu hedifoni zako ni za mia tatu na zenyewe besi hazina. Mambo kama hayo huwezi kuyasikia mwenyewe, hata ukisikiliza usiku kucha.

Usifikiri pia kwamba dunia hiyo haitujui. Mwaka 2005 gemu ya Civilization IV ilitoka ikiwa na wimbo wa kufungulia uitwao "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin. Maneno yake ni ile Sala ya Bwana unayoisema kila Jumapili, kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ukashinda tuzo ya Grammy, na ukawa wa kwanza kufika hapo kati ya nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya gemu. Mwaka 2024 ikaja Tales of Kenzera: Zau, gemu ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyoitengeneza kutokana na majonzi ya kumpoteza baba yake. Unaweza kuicheza yote ukisikia wahusika wakiongea Kiswahili. Kwa hiyo usiingie kwenye mazungumzo na mlezi ukijiona unaomba msaada. Una kitu mkononi, na nitakirudia.

Sasa, mlezi yuko wapi?

Wa kwanza yuko karibu kuliko unavyofikiria, na yeye mwenyewe hana habari na gemu. Miji yetu haikosi studio ndogo za nyimbo za injili, zile zilizobandikwa matrei ya mayai ukutani. Kuna fundi wa mitambo kanisani. Kuna aliyewahi kufanya kazi redioni akarudi nyumbani. Watu hawa wanajua kelele inaingilia wapi, maiki inawekwa umbali gani kutoka mdomoni, kwa nini sauti inapasuka, na waya uliokufa unajulikanaje. Miezi mitatu ya kubeba nyaya zao Jumamosi itakufundisha zaidi ya cheti. Wengi wenu mnawadharau kwa sababu wanatengeneza nyimbo za harusi. Hilo ni kosa, tena kubwa. Mlezi wa ng'ambo akigundua hujui hata kupima kiwango cha sauti kabla ya kurekodi, atakuwa anatumia dakika zake za thamani kukufundisha kitu ambacho fundi wa Sotik angekuonyesha kwa kikombe cha chai.

Mwingine ni rika lako anayeandika programu. Huyu si mlezi kwa maana ya kawaida, lakini bila yeye huna gemu ya kutia sauti, na mtu ambaye hajawahi kusikia kazi yake ikicheza ndani ya gemu hana swali la maana la kumuuliza fundi. Kila mwaka, mwishoni mwa Januari, kuna Global Game Jam, mashindano yaliyoanza 2009 ambapo vikundi duniani kote hutengeneza gemu kwa saa 48. Mashindano mengine madogo hufanyika mtandaoni kwenye itch.io karibu kila wiki. Vikundi vingi huwa na waandishi wa programu watatu, mchoraji mmoja, na mtu wa sauti hakuna. Jitokeze. Gemu itakuwa mbovu, zote za saa 48 huwa mbovu, lakini utakuwa na kitu cha kuonyesha.

Ndipo unafika kwa fundi wa sauti za gemu mwenyewe. Wapo Nairobi wachache, wapo Lagos, Cape Town, Montreal. Kuna mradi wa kujitolea uitwao Audio Mentoring Project ambao umekuwa ukiwaunganisha wanaoanza na waliobobea, na hautozi ada. Maliyo Games ya Lagos nayo imekuwa ikiendesha mafunzo ya GameUp Africa kwa vijana wa nchi kadhaa za bara hili. Zaidi ya hayo, mafundi hawa wanaandika, wanatoa mihadhara, na majina yao yako mwishoni mwa kila gemu. Wewe huwa unaruka ile orodha ya majina. Siku nyingine usiiruke.

Tatizo ni barua. Nimesoma barua nyingi za vijana wetu kwa watu wa aina hii, na zote zimefanana: "Habari mkuu, naomba uwe menta wangu. Napenda gemu tangu nikiwa mdogo. Niko tayari kujifunza chochote. Mungu akubariki." Jiweke kwenye viatu vya anayeisoma. Ana kazi, ana watoto, na hapa mtu asiyemjua anamwomba mzigo usio na mwisho wala ukubwa. Ajibu nini? "Sawa, nimekuwa"? Ananyamaza, na wewe unasema wakubwa wana roho mbaya.

Linganisha na hii:

"Habari ya kazi. Mimi ni mwanafunzi, naishi Bomet, Kenya. Nimerekodi mvua ikinyesha juu ya bati na ninataka izunguke bila kukatika kwa sekunde 40. Pale mwisho unapoungana na mwanzo, nasikia kama mvua inavuta pumzi. Nimejaribu kuupishanisha mwisho na mwanzo kwa sekunde mbili, haikusaidia. Rekodi iko kwenye linki hii. Je, muunganiko ni mfupi, au rekodi yenyewe ndiyo mbaya?"

Mtu wa kazi hii akiisoma hiyo, mikono itamwasha. Ni swali analoweza kulijibu kwa dakika tatu akisubiri basi. Atakuambia huenda mvua ilikuwa ikiongezeka nguvu uliporekodi, kwa hiyo mwisho ni mzito kuliko mwanzo, na hakuna muunganiko wa sekunde mbili utakaoficha hilo. Tafuta kipande ambapo mvua ni ya kiwango kimoja, kisha upishanishe kwa sekunde sita au nane. Mwandikie kwa Kiingereza kama hajui Kiswahili, bila kujipamba. Asipojibu, subiri wiki mbili, kumbusha mara moja tu, kisha mwache.

Akijibu, nenda ukafanye alichosema. Inaonekana jambo dogo, lakini hapa ndipo wengi wanapotelea. Kijana anapata jibu, anaandika "asante sana, ubarikiwe", kisha kimya hadi siku atakapotaka kazi. Yule mwalimu hajui kama ushauri wake ulisaidia au ulitupwa. Wewe rudi baada ya siku nne na rekodi mpya: hii ndiyo ya kwanza, hii ya pili, nimefuata ulivyosema, na sasa nasikia tatizo lingine kwenye matone ya karibu. Ukifanya hivyo mara tatu, huhitaji kumwomba awe mlezi wako. Atakuwa ameshakuwa, na yeye ndiye atakayeuliza mbona wiki hii umenyamaza.

Mkifika hapo, wekeni mpango mdogo. Nusu saa kwa mwezi inatosha. Kwa wanaoanza, mlezi anayekuongelesha kila siku ni hasara, kwa sababu muda wa kufanya kazi yenyewe haupo. Mwambie mapema kuhusu stima na bando, ili simu ikikatika asidhani umemdharau. Kuwa na daftari. Andika alichosema kwa maneno yake, maana mengine utayaelewa baada ya mwaka. Na usimtumie faili kumi ukimwambia "angalia unayoipenda". Kuchagua ni sehemu ya kazi, na ni yako.

Kuhusu vifaa nitapita haraka, kwa sababu ni kisingizio tunachokipenda mno. Kompyuta ndiyo ngumu kupata, hilo nakubali. Mengine yanapatikana. Audacity ni ya bure. Reaper, ambayo mafundi wengi wa gemu wanaitumia, unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Hazina ya Freesound, iliyoanzishwa 2005 na chuo kikuu kimoja cha Barcelona, ina milio unayoweza kupakua bure, na kampuni ya Sonniss imekuwa ikitoa mafurushi makubwa ya milio bila malipo karibu kila mwaka tangu 2015. Soma leseni tu: milio mingine hairuhusiwi kwenye kazi ya kuuza.

Sasa nirudi kwa kile ulicho nacho mkononi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika na mitambo yake pale Kapkatet, njia ya kutoka Litein kwenda Sotik, akarekodi nyimbo za Wakipsigis pamoja na chepkong'o, ule uzeze wetu wa nyuzi. Mmoja wa nyimbo hizo, "Chemirocha", ulizunguka dunia. Jina lenyewe ni vile watu wa hapa walivyolitamka jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani waliyemsikia kwenye gramafoni. Rekodi zilihifadhiwa, na leo ziko kwenye maktaba ya muziki wa Afrika katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Nakala zililetwa Kapkatet mwaka 2014, maktaba hiyo ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi. Miaka 64. Msichana aliyeimba akiwa na miaka 15 angekuwa na 79.

Tracey tusimtukane, bila yeye tusingesikia chochote. Lakini sasa simu unayo wewe. Mto Nyangores unaangukia pale Tenwek. Kina mama wanachuma chai kwa mkono, na mlio wa jani likikatika ni wa pekee kabisa. Kwenye mashamba makubwa mashine zinauondoa kidogo kidogo, na unajua watu wa Kericho na Bomet walivyo na uchungu kuhusu mashine hizo. Kuna lori la majani likipanda kilima kwa gia ya kwanza, kuna kengele za ng'ombe, kuna mzee wa mwisho kijijini anayejua kukaza nyuzi za chepkong'o. Huyo mzee naye ni mlezi. Usiende kwake na simu mfukoni ukamrekodi kisirisiri. Mwambie unataka nini, mlipe, kubalianeni jina lake litaandikwa wapi, na mrudishie nakala wiki hiyo hiyo. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, kwa hiyo ukitaka kuweka muziki wa jamii kwenye gemu ya kuuza, heshima pekee haitoshi, ruhusa inahitajika.

Hapa ndipo unaweza kutofautiana na mlezi wako, na una haki. Siku moja fundi wa mbali, kwa nia njema kabisa, atakuambia sehemu ya kijiji inahitaji "ngoma za Kiafrika". Mwambie kwa adabu kwamba chombo kinachotambulisha kwenu ni cha nyuzi, kisha mtumie rekodi. Mlezi mzuri atafurahi kukosolewa na sikio linalojua. Mlezi anayekasirika kwa hilo, fikiria tena kama anakufaa.

Wapo pia wasiokufaa kwa sababu nyingine. Anayedai pesa kwanza ili akuunganishe na kampuni, huyo ni tapeli, sina haja ya kuzunguka. Mwalimu anayetoza ada ya somo ni jambo tofauti. Anauza somo, na unajua ulichonunua. Yupo pia anayekupa kazi zake za kulipwa uzifanye bure kwa jina la mafunzo. Moja au mbili, sawa, unajifunza. Ya tatu muulize jina lako litaandikwa wapi na wewe unapata shilingi ngapi. Na kwa dada zetu, kwa sababu studio nyingi ni chumba kimoja chenye mlango mzito na mwanamume mmoja ndani: nenda na mwenzako, mama ajue uko wapi, na mtu akikuambia kazi ya sauti hufanywa vizuri usiku wa manane, rudi nyumbani. Wenye studio nao wapange kikao cha mchana mlango ukiwa wazi, badala ya kulalamika wasichana hawaji.

Viongozi wetu nao wasikie. Kila mara tunaitwa ukumbini kwa "siku ya ulezi wa vijana". Kuna fulana, kuna soda, kuna mgeni anayetusimulia alivyotoka kwenye umaskini, na saa nane watu wanapanda magari. Pesa za fulana zile zingemlipa fundi mmoja wa Nairobi kwa saa mbili za mtandaoni kila mwezi, mwaka mzima, kusikiliza kazi za vijana kumi wa kaunti hii. Vyuo vya ufundi na kile chuo kikuu chetu kishiriki cha Bomet vina vyumba vinavyokaa bure jioni. Blanketi ukutani, kompyuta moja yenye nguvu, maiki mbili, na daftari la zamu mlangoni. Mwombeni mwakilishi wenu wa wadi kitu kama hicho kwa jina lake, na kwa bei yake iliyoandikwa kwenye karatasi. Akitoa fulana tena, muulizeni zimegharimu ngapi.

Kuhusu ile bonasi: mwambie mama deni la mbolea lilipwe. Kwetu mvua hupenda kuja alasiri. Leo ikikaribia, vua soksi moja safi, vika upande wa simu wenye maiki ili upepo usipige moja kwa moja, iweke simu juu ya mto ndani ya jiko, mbali na ukuta, na uiweke kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati. Rekodi dakika tano bila kusogea. Uliza watu wa nyumbani wanyamaze, na wasipokubali rekodi hivyo hivyo. Faili uipe jina linaloeleweka: mvua, bati, nzito, tarehe. Kesho asubuhi isikilize kwa hedifoni, tafuta zile sekunde 40 zilizo sawa, na uandike swali lako la kwanza.